Jeki Kazi Yake Kuinua, Si Kushikilia



Wiki hii hatuandiki juu ya mirathi wala adabu za ndoa. Tunaandika juu ya chombo kidogo cha chuma kinacholala ndani ya buti ya gari, nacho ni jeki. Huenda mama anayesoma ukurasa huu akasema kuwa hayo ni mambo ya mafundi, naye hayamhusu. Tunamwomba asitupe waraka. Katika nyumba nyingi tunazozijua, anayeingia mvunguni mwa gari ni baba au kijana wa nyumba, na aliye karibu naye ni mkewe, mamake au dada zake. Kikitokea kishindo, wao ndio wa kwanza kukisikia. Basi elimu hii ikibaki kwa yule aliyelala chini ya gari peke yake, imebaki kwa mtu ambaye saa ya shida hataweza kuitumia.

Sisi makazi yetu kwa sasa ni Kabazi, katika eneo bunge la Subukia, kaunti ya Nakuru, mbali na bahari iliyotulea. Nchi hii ni ya vilima na mabonde. Uwanja ulio sawa ni wa kutafutwa. Zikifika mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo hulainika hata fimbo ya mzee huzama inaposimikwa. Mwenye kutaka fundi wa gereji kubwa au kipuri cha uhakika huteremka Nakuru mjini, na safari hiyo hula fedha na kula siku. Ndiyo maana watu wa huku hujitengenezea magari yao nyumbani: kubadilisha oili, kukagua breki, kuziba bomba la moshi, kubadilisha gurudumu. Huko Pwani sababu huenda ikawa nyingine, lakini kazi ni zile zile, na jeki ni ile ile. Hatuioni aibu katika jambo hilo. Mtu kujua kazi ya mkono wake ni heshima. Neno letu ni juu ya namna ya kuifanya.

Tuanze na jeki yenyewe, ili msomaji ajue anachokiamini. Ziko za aina tatu tunazokutana nazo sana. Ya kwanza hufunguka na kufunga kama mkasi, nayo huzungushwa kwa fimbo. Ndiyo inayokuja na magari mengi madogo. Ya pili husimama wima kama chupa. Ya tatu ni ndefu, hulala chini na kutembea juu ya vigurudumu vyake. Hii huonekana zaidi katika gereji. Hizi mbili za mwisho mara nyingi hutumia mafuta. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukiyakandamiza mafuta yaliyofungiwa ndani ya chombo, mkandamizo ule huenea kila upande kwa kiasi kimoja. Mnamo 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kushindilia iliyotumia kanuni hiyo, na mnamo 1851 Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ya kubebeka. Ndani yake mna pistoni nyembamba na pistoni nene. Ikiwa eneo la ile nene ni mara 20 ya ile nyembamba, basi nguvu ya mkono huzidishwa mara 20, na juu ya hayo huongezeka msaada wa urefu wa mpini. Hivyo ndivyo mama mwembamba awezavyo kuinua upande wa gari ambalo wanaume wanne wangelisukuma kwa taabu.

Sasa tufikirie: ni kitu gani kinachozuia gari lile lisirudi chini? Ni mafuta, na mafuta yale yamezuiwa na pete ya mpira pamoja na vali ndogo. Pete ya mpira huzeeka. Mchanga na maji huingia. Siku inapochoka haitoi ilani. Mafuta hupenya pembeni, na jeki hushuka, pengine polepole, pengine kwa ghafla. Ile jeki ya mkasi haina mafuta, lakini kitako chake ni chembamba kama sahani ya kikombe; gari likisogea kidogo tu, hulala upande. Gari dogo la kawaida lina uzito unaokaribia au kuzidi kilo 1,000. Kwa hiyo mafundi wenye akili wana kanuni moja ambayo tungependa kila mtoto wa nyumba aihifadhi: jeki kazi yake kuinua, si kushikilia. Ikiisha kuinua, kazi ya kushikilia hupewa kitu kingine.

Kitu hicho kingine ni vile vigoda vya chuma vyenye miguu mitatu au minne, ambavyo mafundi huviita stendi. Havina mafuta, havina pampu. Ni chuma kilichosimama, chenye kitako kipana na pini au meno ya kukizuia kisishuke. Huuzwa viwili viwili, na juu yake huandikwa tani zinazobebeka. Asiye na stendi asiingie mvunguni. Haya si maneno ya kutishana. Ndiyo mpaka wenyewe wa kazi hii. Kubadilisha gurudumu hakumlazimishi mtu kuingiza kichwa wala kifua chini ya gari, kwa hiyo jeki pekee yatosha. Lakini oili, bomba la moshi na kila kazi ya mvunguni, bila stendi ni kuiweka roho rehani kwa pete ya mpira.

Masika moja, hapa Kabazi, jirani yetu aliinua gari lake mbele ya nyumba ili afunge bomba la moshi lililolegea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alitumia jeki ya chupa, akaisimamisha juu ya udongo, na mahali penyewe palikuwa na mteremko mdogo ambao jicho huuzoea hata lisiuone. Sisi tulikuwa tumeketi barazani kwake tukingoja chai. Mkewe alitoka na birika, akasimama, akatazama. Hakuwa fundi. Aliona tu kwamba ile jeki, iliyokuwa wima alipoingia jikoni, sasa imeinama kama mtu aliyechoka. Alimwita mumewe kwa jina, mara moja, kwa sauti ambayo hakuwa na desturi ya kuitumia mbele ya wageni. Bwana yule akajivuta nje akinung'unika, akidhani ameitwa kwa ajili ya chai. Alikuwa amekwisha kuketi, anajipangusa tope, gari lilipoteleza mbele na kuanguka. Chuma kiliingia ardhini pale pale palipokuwa kifua chake. Hakuna aliyeinywa chai ile. Yule bibi aliiweka birika chini, akaingia ndani, na hatukumsikia kwa muda mrefu.

Tangu hapo tumekuwa tukisema mbele za watu kwamba macho ya bibi yule yalikuwa ni sehemu ya vifaa vya kazi. Basi tueleze utaratibu, hatua kwa hatua, ili macho ya kila nyumba yajue yanatazama nini.

La kwanza ni mahali. Gari liinuliwe juu ya ardhi iliyo sawa na ngumu. Mteremko, hata ukiwa mdogo, haufai. Kama ardhi ni udongo au mchanga, panahitajika ubao mnene, mpana kuliko kitako cha jeki, uwekwe chini yake, na mwingine chini ya kila stendi. Hapa wenzetu wa Pwani wasikilize sana, maana mchanga wa Malindi au wa Diani hauna tofauti kubwa na tope la Kabazi: vyote viwili humeza chuma chembamba. Wala mtu asipange matofali wala mawe badala ya stendi. Tofali la saruji hubeba, hubeba, kisha hupasuka kwa ghafla bila kupinda kwanza. Na jiwe la matumbawe tunalojengea nyumba zetu ni laini kuliko lionekanavyo.

La pili ni kulizuia gari lisitembee, na hapa wengi hudanganyika. Mtu huvuta breki ya mkono, akaridhika. Lakini katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma, umeyainua yale yale yaliyokuwa yakilishika gari! Vivyo hivyo gia: katika magari mengi madogo injini huendesha magurudumu ya mbele, na hata gari la otomatiki likiwekwa kwenye P, kinachofungwa ni magurudumu yale yanayoendeshwa. Ukiinua mbele, hata upande mmoja tu, kizuizi kile hakitegemewi tena. Kwa hiyo breki ivutwe, gia iwekwe, na juu ya hayo magurudumu yatakayobaki chini yatiwe kabari, mbele na nyuma yake. Kabari yaweza kuwa kipande cha mti kilichochongwa mshazari. Hakigharimu kitu ila dakika ya kukitafuta.

La tatu, kama kazi ni ya gurudumu, nati zilegezwe kidogo, nusu mzunguko, kabla ya kuinua, wakati gurudumu lingali limeshikwa na ardhi. Anayeng'ang'ana na nati ngumu gari likiwa juu hulitikisa gari zima, na kutikisa ndiko kunakoiangusha jeki.

La nne ni mahali pa kuweka jeki. Kila gari lina sehemu zilizotiwa nguvu kwa ajili hiyo, mara nyingi kwenye ukingo wa chini ya milango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, na mara nyingi pana alama mbili za kuonyesha. Kitabu cha gari huonyesha kwa picha. Sakafu ya gari, sehemu ya oili na boksi la gia si mahali pa jeki. Wenzetu wa mwambao wana la ziada: hewa ya chumvi hula chuma. Gari lililokaa miaka mingi karibu na bahari laweza kuwa na ukingo unaong'aa kwa rangi ilhali ndani ni kutu tupu, na jeki ikiusukuma huzama kama kijiko ndani ya halua. Kwanza mtu apagonge na apatazame. Chuma kikibonyea au kutoa vumbi jekundu, kazi hiyo ni ya gereji.

La tano, kabla ya kuinua, watu wote washuke garini. Watoto waondoke, na waondolewe na mtu mzima mwenye jina: fulani ndiye anayewaangalia mpaka kazi ishe. Tukisema tu "watoto kaeni mbali", hakuna aliyeagizwa. Wana wetu huvutwa na kazi ya baba yao, na mpira ukibingirika mvunguni, mtoto haulizi.

La sita, gari likiisha kuinuka kwa kiasi kinachohitajika tu, stendi ziwekwe chini ya sehemu imara, kisha jeki ishushwe polepole mpaka uzito ukae juu ya stendi. Kisha gari lisukumwe kwa mkono huku mtu akiwa amesimama nje. Likiyumba, liyumbe sasa. Jeki iachwe pale pale ikigusa kama msaidizi, na gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya ukingo wa gari. Kama yote yakishindwa, chuma kitaangukia gurudumu, na pengine itabaki nafasi ya mtu kupumua.

La saba ni kushusha. Zana zote zitoke, mikono itoke, na anayeshusha atangaze kwa sauti. Nati hukazwa kwa kupishana, moja na ya upande wa pili, si kwa kuzunguka kama tasbihi. Na hukazwa kabisa gurudumu likiwa chini. Baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena.

Tumesema la mwenye kufanya kazi. Sasa tuseme la aliye nyumbani, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mtu asiingie mvunguni mwa gari pasipo mwingine kujua. Aage, kama anayesafiri: "Naingia chini ya gari, nitakuwa huko nusu saa." Aliyeagwa naye achungulie kila baada ya dakika chache na aite, akiitika, vyema. Atazame mambo matatu: je, stendi zipo? Je, kabari zipo? Je, kilichokuwa wima kingali wima? Akiona lolote limekosekana, ana haki ya kusimamisha kazi, na bwana mwenye busara hutoka kwanza na kuuliza baadaye. Mke kumwonya mumewe katika jambo la roho si kumvunjia heshima. Ni sehemu ya amana waliyopeana.

Na kama Mungu amekadiria gari limemwangukia mtu, aliye karibu asijitupe mvunguni kumvuta, mtavutwa wawili. Apige ukelele majirani waje, na mmoja apige simu 999 au 112. Kifua kilichokandamizwa hakiwezi kutanuka kuvuta pumzi, na uhai hapo huhesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo dawa ni kuinua uzito, upesi lakini kwa akili. Ndiyo sababu tunahimiza kuwe na jeki ya pili, nayo ikae mahali panapofikika, si ndani ya buti ya gari lile lile lililoanguka. Anayeinua ainue; mwingine apachike mbao na magurudumu kila gari linapopanda kidogo, lisirudi; ndipo aliyenaswa atolewe, kwa upole, bila kumpinda shingo wala mgongo kama yawezekana. Mama wa nyumba aliyewahi kuizungusha jeki siku ya raha ataweza kuizungusha siku ya dhiki. Ambaye hajawahi kuigusa atakuwa akiisoma wakati dakika zinakwisha.

Kwa hiyo tunawaomba akina baba wawafundishe wake zao na binti zao, na wana wao pia wanaoanza kuwa na ndevu na haraka. Akina mama wengi leo wanaendesha gari, wanapeleka watoto madrasa na kurudi sokoni. Tairi halichagui la kutoboka. Akipatwa njiani, atoe gari kwenye lami mpaka mahali sawa, aweke zile pembetatu za onyo, awashushe watoto upande ulio mbali na magari. Mtandio aufunge vizuri na mikono ya buibui aikunje isinase kwenye mpini. Na akiona mahali si sawa au ardhi ni laini, hana deni la kuonyesha ushujaa. Aite msaada, angoje.

Wako watakaotujibu kwamba ajali ni kadari, na kwamba wamelala chini ya magari miaka ishirini juu ya jeki tupu bila kudhurika. Tunawajibu kwa upole. Yamepokewa mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa yule bwana aliyeuliza juu ya ngamia wake: afungwe kwanza, kisha ndipo mwenyewe ategemee. Na maulamaa wa usuli, akiwamo Imamu Ghazali, wameihesabu hifadhi ya nafsi miongoni mwa makusudio matano ya sharia. Stendi ni kamba ya ngamia huyo. Miaka ishirini ya salama ni neema ya kushukuriwa, nayo si hati ya kwamba pete ya mpira haitachoka kesho. Aliyelala mvunguni si wake peke yake. Ana mke, ana wana, ana wazazi wanaomngoja magharibi.

Basi wiki hii, kabla ya Ijumaa, tunaomba kila nyumba yenye gari ifungue buti kwa pamoja, baba, mama na watoto wakubwa. Itolewe jeki, itazamwe kama inavuja. Isomwe tani zake. Zitafutwe zile sehemu nne chini ya milango. Ukatwe ubao mmoja mnene na kabari mbili. Na yule anayependa kazi za mvunguni, kama hana stendi, azinunue kabla ya oili. Kama hana uwezo, aazime kwa jirani, na jirani asimnyime, maana kuazimana vyombo ni katika wema wa ujirani.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, azilinde roho za wanaohangaikia riziki kwa mikono yao, na awape macho wanaowapenda. Wabillahi tawfiiq.